Kasri la Grignan, Ufaransa: nani hasa alilibomoa mwaka 1793, wanakijiji au serikali?

#1 Mzee wa Lyon
Wakuu, salaam.

Kusini mashariki mwa Ufaransa, mkoa wa Drôme, kuna kijiji kinaitwa Grignan. Nyumba zake zimejibana kuzunguka mwamba uliochomoza katikati ya tambarare, na juu ya mwamba limekaa kasri la zama za Renaissance (ule mwamko wa sanaa na ujenzi wa Ulaya). Wenyewe wanajigamba kwamba upande huo wa nchi hakuna kubwa zaidi yake. Kijiji kilikuwa na ukuta. Vipande vyake bado vipo, na lango moja la karne ya 12 lilipandishwa juu likawa mnara wa saa. Unapita chini yake, vichochoro vinapanda, mawe yamesagwa na miguu ya watu mpaka yanateleza.

Ngome ilikuwepo tangu karne ya 11. Karne ya 13 ikaingia mikononi mwa ukoo wa Adhémar. Mwishoni mwa karne ya 15 Gaucher Adhémar akaanza kuigeuza iwe makazi ya starehe, na mwanawe Louis, aliyekuwa balozi Roma kisha gavana wa Provence, akaipa ule uso wa kusini wenye madirisha makubwa unaouona kwenye kila kadi ya posta. Mwaka 1793, Mapinduzi yamepamba moto, likavunjwa. Likakaa gofu zaidi ya miaka mia.

Swali langu: nani alivunja? Mwongozaji anasema "wanamapinduzi", kana kwamba walishuka kutoka mwezini, wakabomoa, wakarudi. Mzee mmoja kwenye baa pale chini ananiambia wazi kabisa, "Ni sisi." Mimi nipo upande wa mzee wa baa. Wanakijiji walivunja, na walikuwa na kila sababu. Karne zote hizo unaishi chini ya dirisha la mtu anayekula kodi yako!

Karibuni tujadili.

#2 Chuma Ulete
Nimevuta kiti, bisi zipo. Ila uzi bila picha ni sawa na hotuba.

#3 Nassra_Vitabu
Mleta uzi umekurupuka kidogo, naomba nikurudishe nyuma.

Unaposema wanakijiji walimlipizia bwana wao, bwana yupi? Mwaka 1793 Adhémar hawakuwepo. Louis hakuacha mtoto, mali ikaenda kwa ndugu wa upande wa Castellane, wakachukua jina la Adhémar. Mkubwa wao aliyejulikana zaidi, François, alifariki mwaka 1714. Mjukuu wa mama mkwe wake, Pauline de Simiane, akaliuza kasri mwaka 1732 kwa familia ya du Muy. Hao walikuwa watu wa ikulu ya mfalme. Mmoja wao alifika kuwa waziri wa vita wa Louis XVI, mwaka 1774. Grignan kwao ilikuwa mali, si nyumbani.

Kwa hiyo hiyo picha ya mkulima anayepandisha kilima na sururu kumwendea bwana wake haipo. Mamlaka za mapinduzi ndizo zilizotoa ruhusa, vilivyomo vikauzwa, jengo likavunjwa. Tena kumbukeni sheria ya Julai 1793 ilifuta haki zote za mabwana bila fidia, na hati zao zikaamriwa zichomwe. Serikali yenyewe ilikuwa inasukuma.

#4 Mzee wa Lyon
@Nassra_Vitabu, "mjukuu wa mama mkwe wake" si ndiye binti yake mwenyewe huyo? Mbona unatuzungusha kama daladala inayotafuta abiria.

Halafu mwenye nyumba asiyekaa ndiye anayeudhi zaidi! Anayekaa, walau mnakutana kanisani.

#5 Nassra_Vitabu
Ni binti yake, ndiyo. Nimemtaja hivyo kwa makusudi, maana huyo mama mkwe ndiye sababu ya watu kuijua Grignan hadi leo. Nitarudi kwake.

#6 Kobe Mzee
Huyo du Muy wa 1793 si alikimbilia nje kama matajiri wengine? Mali ya aliyekimbia ilikuwa inataifishwa. Hapo hakuna fumbo.

#7 Nassra_Vitabu
@Kobe Mzee, hapo ndipo fumbo lilipo. Aliyekuwa na kasri wakati huo alikuwa jenerali, na alilitumikia jeshi la Jamhuri, baadaye la Napoleon. Alifariki kitandani mwaka 1820. Mtu yuko upande wenu na bado mnang'oa paa lake.

#8 Fundi Saruji
Mimi ni fundi, siasa nawaachia nyie. Nimezitazama picha za zamani za hilo jengo, za kabla halijajengwa upya. Uso wa kusini umesimama wima. Madirisha matupu, ukichungulia ndani unaona anga. Paa hakuna, sakafu za mbao hakuna, milango hakuna.

Sasa nisikilizeni. Kuangusha ukuta wa mawe wa unene ule ni jasho na ni hela, na mawe yenyewe hayalipi kuyashusha kutoka mlimani. Kinacholipa ni boriti, vigae, chuma, bawaba, vioo, na risasi, yale madini laini, iliyozibia mapaa na mifereji. Mwaka ule Ufaransa ilikuwa inapigana na nusu ya Ulaya. Risasi na chuma vilikuwa dhahabu. Mnabishana nani alikuwa na hasira. Mimi naona watu waliokuwa wanachomoa vitu vya kutumia.

Nimekulia jirani na shamba la mkonge mkoa wa Tanga. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967, meneja wa kizungu akaondoka, nyumba yake kubwa yenye baraza ikabaki na mlinzi mmoja. Hakuna kikao kilichokaa kuamua kuibomoa. Leo dirisha, kesho bati, keshokutwa mlinzi naye kahamia kwake na mlango. Bibi yangu alikuwa na sinki jeupe uani, la kigae kile kizito, akinyweshea kuku. Ukimwuliza limetoka wapi anakwambia "lilikuwepo". Sasa niambieni, pale nani alibomoa? Serikali au wanakijiji?

#9 Chuma Ulete
Kuku wa bibi walikuwa wanakunywa maji kimeneja 😂😂

#10 Mzee wa Lyon
@Fundi Saruji hoja nzito, lakini umeniunga mkono bila kujua. Aliyechukua sinki ni bibi, si wizara.

#11 Kobe Mzee
Na aliyefungua mlango ni wizara. Tuendelee.

#12 Bi Kizoro
Nimesoma mahali kwamba walifukua hadi makaburi. Ni kweli?

#13 Nassra_Vitabu
@Bi Kizoro kweli. Ndiyo huyo mama mkwe niliyesema.

Madame de Sévigné, mzaliwa wa Paris 1626. Binti yake Françoise-Marguerite aliolewa na yule François, Comte (cheo cha kikabaila) de Grignan, mwaka 1669. Miaka miwili baadaye binti akamfuata mumewe kusini, na mama akaanza kumwandikia. Barua zake zilizobaki ni zaidi ya 1,000, nyingi kwa huyo binti: umbea wa ikulu, magonjwa, mapishi, misiba, kila kitu. Grignan kwenyewe alikwenda mara tatu tu. Safari ya mwisho alifika 1694 na hakurudi. Alifariki kasrini tarehe 17 Aprili 1696, akazikwa kwenye kanisa la hapo hapo. Bamba la kaburi lipo sakafuni mbele ya madhabahu.

Mwaka 1793 kaburi likafunguliwa ili wachukue risasi ya majeneza. Hapo nampa Fundi pointi yake. Inasimuliwa kwamba wengine waliondoka na vipande vya mifupa kama kumbukumbu, na kwamba fuvu lilipelekwa Paris kwa Gall, yule daktari aliyekuwa anapima akili za watu kwa kupapasa vichwa.

#14 Daktari wa Zamu
@Nassra_Vitabu hiyo ya Gall 1793 inachechemea. Gall alikuwa Vienna, Paris alifika 1807. Kama fuvu lilimfikia, basi lilikaa kabatini kwa mtu miaka kumi na zaidi. Au hadithi ilitungwa baadaye, baada ya upimaji wa mafuvu kuwa fasheni.

#15 Nassra_Vitabu
Ndiyo maana nikasema "inasimuliwa", daktari.

#16 Bi Kizoro
Astaghafirullah. Mtu kaandika barua maisha yake yote, kosa lake nini? Na alikufa kwa nini?

#17 Daktari wa Zamu
Simulizi ya kale inasema ndui. Wasomi wengine wanasema homa ya mapafu, au mafua makali. Wa ndui wana hoja kwamba ugonjwa huo ulikuwa unafyeka watu kila kona. Wasiokubali wanauliza: mwanamke wa miaka 70, aliyepita miji yote hiyo tangu utotoni, ndui imkose Paris ije kumpata mlimani?

Maoni yangu, msiyachukue kama cheti: mjukuu wake wa kiume aliuawa na ndui mwaka 1704, na binti yake naye kwa ndui hiyohiyo mwaka 1705. Ndani ya miaka kumi familia ina vifo vitatu, viwili ni ndui. Ni rahisi watu wakavifunga vyote kwenye fungu moja. Binti mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu kabla ya mama kufa, na mama ndiye aliyekuwa akimuuguza. Mwili wa mzee uliochoka hivyo, homa yoyote inauangusha.

#18 Kobe Mzee
Au baridi. Mwaka 1695 alimwandikia binamu yake kutoka hapo hapo Grignan kwamba wino umeganda ndani ya vidau na vidole vimekufa ganzi. Huo upepo wa mistral haupigi hodi.

#19 Binti Lushi
Jambo kwenu. Mimi niko Valence, nyumbani Lubumbashi. @Kobe Mzee kuhusu mistral hujakosea. Ukipanda ile teresi ya kasri siku ya upepo, unashika kofia, unashika mtoto, mandhari utayaangalia kesho.

Lakini huyo mama naye alikula pale, tusimlilie sana. Kuna barua anahesabu kwale walionona kwa majani ya mlimani, tini tamu kama sukari, zabibu, matikiti. Wanaosoma hiyo barua kwenye tamasha wanasikia njaa. Kijiji kina tamasha la barua kila Julai tangu 1996, yaani miaka 300 baada ya kifo chake.

Mleta uzi umesahau kitu cha ajabu kuliko vyote: hiyo teresi ni paa la kanisa. Kanisa la Saint-Sauveur lilijengwa miaka ya 1530 chini ya mwamba, na paa lake likasakafiwa likawa uwanja wa kasri. Bwana anatembea na wageni wake juu, chini yake padri anasoma misa.

#20 Mzee wa Lyon
@Binti Lushi asante sana. Na sasa nauliza wanaotetea serikali: mtu anayekutembelea juu ya kichwa mkiwa mnasali, akipatikana siku hamna mfalme, mtamfanya nini?

#21 Nassra_Vitabu
Kanisa halikuvunjwa, mkuu. Lipo hadi leo, na paa lake. Hasira yako inachagua?

#22 Fundi Saruji
Hata mimi nisingelivunja. Ukiondoa lile paa, mvua inaingia kwenu.

#23 Pwani Halisi
Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma tangu mwanzo na hamjagusa swali kubwa zaidi: kwa nini mtu ajenge juu ya mwamba, ndani ya ukuta, halafu atoboe madirisha makubwa hivyo?

Hapa kwetu tuna jengo la zama hizohizo. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, mchoro ni wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyefanya kazi kwa mfalme wa Hispania na Ureno. Ile nayo ni Renaissance: vipimo vya mwili wa mtu, pembe zimehesabiwa ili mzinga ulinde ukuta wa jirani. Ukiitazama hutaona dirisha la kukaa kupunga upepo upande wa adui. Grignan inaonekana kama watu waliosahau kwamba bunduki zipo.

#24 Kobe Mzee
Hawakusahau. Mzinga ndio uliowaambia kwamba ukuta wa babu hauwafai tena. Bwana wa karne ya 16 anajua jeshi lenye mizinga halizuiliki kwa ukuta wa mita mbili, na jeshi lenye mizinga ni la mfalme, naye mfalme ni bosi wake. Basi atoboe madirisha, aonekane ana pesa. Usalama wake uko ikulu.

#25 Pwani Halisi
Sikubali moja kwa moja. Louis Adhémar amefariki mwishoni mwa miaka ya 1550, vita vya dini vikalipuka 1562, na eneo lile liliumia. Warithi wake walikaa nyuma ya madirisha ya vioo huku Wakatoliki na Waprotestanti wanachinjana. Hapo nadhani ukuta wa kijiji ulikuwa na kazi kuliko kasri lenyewe.

Nyongeza kwa @Nassra_Vitabu: Machi 1696 Waomani wakaanza kuizingira Fort Jesus. Aprili 1696 mama yako wa barua anafariki. Mzingiro ukaendelea hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani maradhi yaliwamaliza kuliko panga.

#26 Nassra_Vitabu
Hiyo sikuwahi kuziweka pamoja. Nimeipenda.

#27 Chuma Ulete
Turudi kwa umbea. Huyo Comte alikuwaje?

#28 Bi Kizoro
Nimemtafuta. Binti wa Sévigné alikuwa mke wa TATU. Mama mkwe mwenyewe alitania kwenye barua kwamba wake zake wote wamekufa ili kumpisha binti yake. Mama mkwe wa hivyo unamkaribisha na funguo unaficha.

#29 Mlango wa Nyuma
Nimekuwa msomaji tu tangu asubuhi, ila hapa naingia. Nyote mnatafuta aliyebomoa mwaka 1793. Mimi nasema kasri lilibomolewa na madeni, miaka mia kabla.

Comte alikuwa naibu wa gavana wa Provence, na gavana mwenyewe hakuwepo, kwa hiyo kazi yote yake. Kazi hiyo ilikuwa inakula kuliko inavyolipa. Wageni kila siku, meza ndefu, kamari, wanamuziki, askari. Mama mkwe kila barua ya pili analalamika kuhusu matumizi ya Grignan. Wakamwoza kijana wao kwa binti wa mkusanya kodi tajiri mwaka 1695, na inasemekana mama wa bwana harusi alisema hata shamba bora linahitaji samadi mara mojamoja. Mkwe wa watu anaitwa samadi! Kijana akafa bila mtoto, mama akafuata, na mzee mwenyewe alifia kwenye nyumba ya wageni njiani, mwisho wa mwaka 1714, akiwa safarini kikazi. Binti aliyebaki, Pauline, alirithi madeni yenye madirisha. Akauza.

Nyumba ambayo hakuna mtu anayeililia haihitaji mapinduzi. Inahitaji siku moja tu mlinzi asiwepo.

#30 Mzee wa Lyon
Pauline huyohuyo ndiye aliyeruhusu barua za bibi yake zichapishwe, na majibu ya mama yake yakateketezwa. Tunasikia upande mmoja tu wa simu. Kwa hiyo hayo malalamiko ya matumizi, upande wa pili hatujui ulijitetea vipi.

#31 Mlango wa Nyuma
Deni halijitetei, mkuu.

#32 Daktari wa Zamu
Swali dogo. Kama lilibaki gofu, tunachokiona leo ni kipi? Isije ikawa watu wanalipa kiingilio kuona jengo la juzi.

#33 Binti Lushi
Yote mawili. Mwaka 1838 Léopold Faure alilinunua gofu, akaanza kuokoa sehemu. Halafu mwaka 1912 akaja Marie Fontaine, mjane tajiri, akajenga upya kwa fedha zake, kazi ya karibu miaka 20, akifuata michoro na mabaki. Mkoa wa Drôme ukanunua 1979. Uso wa kusini una mawe ya kale na mawe mapya, ukisogea karibu unaona rangi hazilingani. Majira ya joto wanaweka jukwaa pale mbele, tamthilia usiku, kasri lenyewe ndilo pazia.

#34 Fundi Saruji
Huyo mama Fontaine apewe maua yake. Kuchonga jiwe jipya likae kwenye shimo la jiwe la miaka 400 si mchezo. Unapima shimo kwa kipande cha mbao, unachonga, unajaribu, unarudisha chini, unachonga tena. Chokaa tu, saruji ukiweka pale inalipasua jiwe la zamani.

#35 Chuma Ulete
Fundi Saruji anaikataa saruji. Tumeishi kuyaona.

#36 Kobe Mzee
Wanywaji mnisamehe, natoka nje ya mada. Mvinyo wa hapo ulikuwa unaitwa Coteaux du Tricastin. Jirani kuna eneo la nyuklia la Tricastin, mwaka 2008 kiwanda kimoja cha hapo kikavujisha urani, wateja wakakimbia chupa. Wakulima wakahangaika na kuanzia 2010 wakaruhusiwa jina jipya: Grignan-les-Adhémar. Ukoo uliokwisha karne ya 18 ndio unauza mvinyo karne ya 21.

#37 Mlango wa Nyuma
Hatimaye Adhémar wanalipa madeni yao.

#38 Mzee wa Lyon
Sijabadili msimamo. Amri inaweza kutoka juu, lakini boriti haijibebi kushuka mlimani. @Binti Lushi wewe uko karibu, hebu siku ukipita angalia nyumba za kijijini, kuna mawe ya kasri?

#39 Binti Lushi
Nilishaangalia. Kuna nyumba moja karibu na mnara wa saa, mlango wa kawaida kabisa, kizingiti chake kimechongwa maua kwa ufundi ambao mwenye nyumba ile asingeweza kuulipia. Nilimuuliza mama aliyekuwa anamwagilia mawaridi pale. Akacheka, akaniambia "lilikuwepo".

#40 Fundi Saruji
BIBI YANGU HUYO!

#41 Nassra_Vitabu
Au babu yake alilinunua mnadani kihalali kabisa. Leteni risiti kwanza.